Mawimbi Chini ya Mashua

Katika daftari la babu yangu kuna ukurasa wenye mashua. Ameichora kwa penseli, ubavu mmoja, omo ikitazama kushoto. Tanga halipo, kuna mlingoti tu na foromali iliyolala. Chini ya mkuku unapita mstari mmoja wa mwandiko wa Kiarabu, umevutwa kwa haraka, unapanda na kushuka, na kila neno linapokoma mkia wa herufi ya mwisho umejikunja kama maji yanayorudi. Mwandiko unakwenda kushoto na mashua inakwenda kushoto. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mstari ule ni bahari.

Herufi nilikuwa nazijua. Nilisoma chuoni kama watoto wote wa Mbwajumali, nikahitimu msahafu kabla sijamaliza skuli. Lakini jicho likishaamua kwamba limeona maji, halirudi tena kutafuta maneno.

Daftari lenyewe ni la shule, la kurasa zenye mistari, na nyuma ya jalada limechapwa jedwali la kuzidisha. Linanuka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za chombo zisikauke zikapasuka. Babu alifariki miaka zaidi ya thelathini iliyopita, na bado ukilifungua harufu inatangulia kabla ya picha. Alikuwa fundi wa mashua hapa kwetu, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate, tukipakana na Kizingitini, Myabogi na Chundwa. Jina la kijiji chetu halijawahi kutulia kwenye karatasi. Kuna wanaoandika Mbwajumwali, kuna wanaoandika Bajumwali, na wengine tunaandika Mbwajumali. Labda ndiyo sababu nimekua nikijua kwamba neno lililoandikwa lafaa litazamwe mara mbili.

Mafundi wa vyombo wa pwani hii hawajengi kwa ramani ya karatasi. Mkuku hulazwa, fashini husimamishwa, mbao na mataruma hufuata, na umbo lote limo machoni na mikononi mwa fundi. Kipimo chake ni mwili wake: wanda, shibiri, dhiraa, pima. Kwa hivyo daftari la babu halikuwa la kujengea. Lilikuwa la mambo ambayo mkono ulitaka kuyajaribu kabla haujayathubutu kwenye mbao: macho ya chombo, ambayo watu wa Lamu huyaita mato, yale maduara ya omoni yenye mwezi na nyota, maua ya kuchongwa tezini, herufi za jina la chombo, mara nene, mara nyembamba. Na kando ya kila mchoro, juu yake, chini yake, wakati mwingine ndani yake, kuna maneno.

Aliyenifanya niyatazame maneno hayo upya ni rafiki yangu mmoja mchoraji. Alikuja Mbwajumali kwa siku mbili, nikampa daftari, akalipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa mwenziwe. Nilitarajia asifu mashua. Akakaa na ukurasa ule muda mrefu, kisha akasema, “Mashua ni nzuri. Lakini sanaa iko kwenye huu mwandiko.” Alikuwa hajui kusoma hata herufi moja ya Kiarabu.

Maneno yake yalinifurahisha, na papo hapo yakanichoma mahali ambapo sikupajua. Ninaandika haya ili nipajue.

* * *

Kwamba maneno ya kando ya mchoro yaweza kuwa sanaa si jambo geni duniani. Mwaka 1832 mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alisafiri Moroko pamoja na ujumbe wa serikali yake. Njiani hapakuwa na nafasi ya kutandaza turubai, kwa hivyo alibeba madaftari madogo. Alichora mlango, mpanda farasi, watu walioketi kivulini, na pembeni akaandika mbiombio rangi alizoziona na mahali mwanga ulipoangukia, ili mkono ukumbuke atakaporudi Paris. Picha kubwa zilizozaliwa na safari ile zimo katika majumba ya makumbusho. Hata hivyo wapo wengi wanaoyapenda zaidi madaftari yale, kwa sababu humo neno na rangi ya maji vinakaa nyumba moja, na ukiondoa kimoja unakijeruhi cha pili.

Iran nako kulikuwa na desturi ya waandishi wa khati kufanya mazoezi kwa kurudia herufi zile zile juu ya karatasi ile ile, mstari juu ya mstari, mpaka weupe wa karatasi ukaisha. Karatasi hizo ziliitwa siyah mashq, yaani mazoezi meusi. Mwanzo zilikuwa za kuzoeza mkono tu. Baadaye watu wakaanza kuzitunza, kuzitilia mapambo kando na kuzithamini kama kazi zilizokamilika. Hazisomwi, kwa sababu hazikuandikwa ili ziseme neno. Hutazamwa.

Hizi ni njia mbili zilizoachana. Maneno ya Delacroix bado yanasema, na kusema kwake kunamsaidia mtazamaji aone. Mazoezi meusi yamenyamaza, yakabaki umbo. Mwandiko wa babu ulikuwa katika njia ipi? Rafiki yangu aliutia katika njia ya pili kwa kutojua. Na mimi, niliyekuwa na haki na wajibu wa kuutia katika njia ya kwanza, nilikuwa nimemtangulia kwa miaka.

* * *

Kiswahili chenyewe hakikuwahi kuzitenga sana kalamu na patasi. Kuchora ni kutia alama kwa penseli, na kuchora ni kukata kwa ncha ndani ya mti. Fundi wa milango huchora, na mtoto anayeuharibu ukuta kwa mkaa huchora. Kuandika nako ni zaidi ya kuweka herufi. Mama huandika chakula, yaani hupanga sahani, kila moja mahali pake, kabla wageni hawajanawa mikono. Nikilitafakari neno hilo naona kwamba kwa mizani ya lugha yetu mwandishi ni mtu anayekipa kila kitu mahali pake.

Tena kila mwanamke wa kijiji hiki anavaa ushahidi. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo huzunguka, mji hukaa katikati, na jina huandikwa chini ya mji, ndani ya pindo. Zamani jina hilo liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Leo ni za Kirumi. Watu wa Mombasa wanaifahamu nembo ya Mali ya Abdulla, ya nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887, na wateja wake tangu enzi za bibi zetu wamekuwa na maswali mawili: imechorwaje, na imeandikwaje? Hakuna anayechagua leso kwa maua peke yake halafu akaivaa bila kujua inasema nini, maana atakuwa amemtukana jirani bila kukusudia. Na hakuna anayenunua maneno makali yaliyoandikwa juu ya rangi mbaya. Jina la leso si maelezo ya picha. Ni sehemu ya picha yenye ulimi. Na kwa kuwa lina ulimi, linangoja jibu: leo umepita kwangu na lako, wiki ijayo nitapita kwako na langu.

Chuoni pia tulirithi fundisho la namna hiyo, ingawa la upande mwingine. Wazee wetu walisoma kwa ubao wa mti, kalamu ya utete na wino wa masizi. Mwandiko wa ubaoni ulitakiwa uwe mzuri, na ulipokwisha kuhifadhiwa ulioshwa. Mgonjwa naye aliandikiwa kombe: aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikayeyushwa kwa maji au marashi, akanywa. Nimeona makombe yaliyoandikwa kwa mkono uliotulia kiasi cha kukufanya usitake yaguswe. Lakini kombe halitundikwi ukutani. Uzuri wake umekusudiwa kuingia mwilini mwa mtu.

Basi rafiki yangu aliposema sanaa iko kwenye mwandiko, alisema kitu ambacho pwani hii imekijua siku zote. Alichokosa ni nusu ya pili: kwetu mwandiko mzuri una kazi, na kazi hiyo haimaliziki mpaka mtu wa pili aupokee.

* * *

Mtu ninayemfikiria zaidi nikilifungua daftari la babu ni Muhamadi bin Abubakari Kijuma wa Lamu. Alizaliwa yapata mwaka 1855, akafariki 1945, na katika miaka hiyo tisini mkono wake ulipita katika fani nyingi. Alichonga mbao na milango. Alitunga. Alipiga muziki na kuzijua ngoma za Lamu kwa undani. Na alikuwa mnakili ambaye mwandiko wake ulitafutwa kutoka mbali. Wasomi wa Ulaya waliotaka tungo za kaskazini walimwendea au walimwandikia: Alice Werner, William Hichens, na Ernst Dammann, Mjerumani aliyefika Lamu mwaka 1936 na kuketi naye. Hichens alichapisha utendi wa Al-Inkishafi mwaka 1939, na Dammann akachapisha mkusanyiko wake wa tungo za Kiamu mwaka 1940. Kijuma alikuwa miongoni mwa waliowanakilia, waliowaeleza, na waliowasahihisha.

Karatasi zake nyingi leo ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na nyingine ziko Ujerumani. Baadhi zimepigwa picha, mtu wa Mbwajumali aweza kuzifungua kwa simu akiwa amekaa barazani. Nimefanya hivyo usiku mwingi. Juu ya kurasa kuna nakshi ambayo ukiijua milango ya Lamu unaitambua mara moja. Kipande na kipande cha ubeti vimetengwa kwa alama zilizopambwa. Zaidi ya tendi kuna barua, kuna maelezo aliyoombwa kuhusu mila na ngoma, kuna na michoro. Alipoulizwa kitu kikoje, fundi huyu aliweza kujibu kwa njia mbili pamoja, kwa kuchora na kwa kuandika, na katika kurasa zake huoni mpaka ambapo mkono umeacha kazi moja ukashika nyingine.

Lakini kila nikizitazama najiuliza ni nani hasa anayezisoma. Asiyejua Kiswahili huona nakshi. Mswahili aliyesoma skuli, ambaye herufi za Kiarabu kwake ni za msahafu tu, naye huona nakshi. Wachache sana, na wengi wao wameshapita makamo, huona utendi. Kijuma alinakili utendi wa Mwana Kupona, mwanamke wa kisiwa hiki chetu cha Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyemtungia binti yake maneno ya wasia mwaka 1858. Mama yule alitunga akiwa mgonjwa, akitaka maneno yake yamfikie mtoto. Mnakili akayapamba kwa sababu yalistahili kufika yakiwa yamevaa vizuri. Tukisimama mbele ya ukurasa ule tukasema, “Ua zuri hili,” kisha tukaondoka, tumempokea mgeni mlangoni, tukamsifu kanzu yake, na hatukumkaribisha ndani.

Siyu yenyewe, kwenye kisiwa hiki hiki, palikuwa na mafundi wa kunakili misahafu katika karne ya 18 na 19. Wino wao ni mweusi, mwekundu na wa manjano, na kurasa wanazozifungulia ni bustani. Watu wa makumbusho wanaiita kazi hiyo sanaa, na ni kweli. Ila naamini mpangilio wake ni huu: msahafu uliandikwa usomwe, na kwa sababu uliandikwa usomwe, ndipo ukapambwa. Mapambo yalikuwa heshima kwa usomaji. Yakibaki mapambo na usomaji ukaondoka, heshima imekosa wa kuheshimiwa.

Wapo waliolijua jambo hili wakalifanyia kazi. Katika miaka ya 1960 msomi J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya hati kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hati za msikiti wa Riyadha, Lamu, zimepigwa picha zisipotee. Na Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alimsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya mashairi ya mshairi Muyaka pamoja na maelezo yake. Bila maelezo ya watu kama yeye, beti nyingi zingebaki tamu mdomoni huku hatujui zilimjibu nani.

* * *

Kukisoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu si kama kusoma msahafu. Msahafu umetiwa irabu zote na kila nukta iko mahali pake. Mtu aliyeandika kwa ajili ya nafsi yake, kwa haraka, kwa penseli butu, hakujisumbua. Tena Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch. Sauti ya e na ya i hugawana alama moja, na ya o na ya u hugawana nyingine. Waandishi wengi wa zamani hawakuiandika m iliyo mbele ya b, wala n iliyo mbele ya d. Herufi mbili tu, be na te, zaweza kuwa bata, bati, pata, au pita. Ugumu huu umewashughulisha wataalamu; mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa na mwenzake P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo ya namna ya kuuondoa. Babu hakuyaona mapendekezo hayo. Yeye aliandika kama walioandika kabla yake, ambao msomaji wao alikuwa mtu anayejua tayari kinachoweza kusemwa.

Rafiki yangu alipoondoka, niliketi na ukurasa ule nikijaribu kuyageuza mawimbi yawe maneno. Usiku wa kwanza sikupata kitu. Usiku wa pili nikapata neno moja, kabla ya katikati ya mstari: dali, ye, nuni, ye. Dini. Moyo wangu ulijaa. Nikamwona babu, aliyekuwa hakosi swala ya jamaa, akiweka chini ya mashua yake neno la kuilinda. Nikawaeleza wanangu. Nikampigia simu rafiki yangu, naye akafurahi, akasema alijua kwamba pale kuna sala.

Kwa ajili ya maneno yaliyobaki nilikwenda kwa mwalimu mmoja mzee aliyesomesha chuo hapa kijijini tangu kabla sijazaliwa. Alilitia daftari kwenye mwanga wa mlangoni, akaweka kidole mwanzo wa mstari, upande wa kulia, akaenda polepole. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo, akaenda tena. Kisha akaninyoshea daftari bila kuondoa kidole.

“Mwanangu,” akasema, “hii si dini. Hii ni deni.”

Herufi ni zile zile. Kinachoyatenga maneno hayo mawili ni sauti moja, na sauti hiyo haikuandikwa. Mwalimu akanisomea mstari wote: misumari ratili nne, deni la fulani wa Rasini, nitalipa chombo kikishuliwa.

Rasini ndiyo Faza, mji wa kisiwa hiki hiki. Jina alilotaja nililijua. Ni la mtu aliyekuwa na duka pale, marehemu naye sasa. Nikamwambia mwalimu kwamba bila shaka babu alilipa. Mwalimu hakunijibu. Akaanza kufungua kurasa nyingine, akinionyesha kwa kidole: mbao, deni, kamba, deni, mafuta, deni. Juu ya kila moja ulipita mstari mmoja ulionyooka. Mistari ile nilikuwa naijua vizuri. Nilikuwa nikiipenda. Nilidhani ni sehemu ya michoro, kumbe ilikuwa alama ya babu kwamba deni limekwisha. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa mashua. Pale hapakuwa na mstari.

Kwetu sisi deni la maiti hutangulia mirathi. Halizeeki, wala halisamehewi na mwingine isipokuwa mwenyewe au warithi wake. Babu aliugua ghafla, na mashua ile, nilivyokuja kuambiwa na mama, ilishuliwa na fundi mwingine. Kwa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini tulikuwa tumekaa na karatasi inayotuomba jambo moja dogo, na sisi tuliishika, tukaisifu, tukawaonyesha wageni. Hapo ndipo nilipopajua mahali palipokuwa panachoma.

Sitaki kusema kwamba rafiki yangu alikosea. Nilipojua mstari ule unasema nini niliutazama upya, nikitarajia uzuri wake uwe umekauka. Haukukauka. Niliona mambo ambayo jicho lisilosoma halikuweza kuyaona. Neno “nitalipa” ameliandika nene kuliko mengine, amerudisha penseli juu yake mara mbili, mara tatu, mpaka karatasi imeingia ndani. Na mahali alipouweka mstari hapakuwa pa bahati. Karatasi ilikuwa na nafasi juu na pembeni. Yeye aliuweka chini ya mkuku, kwa sababu ndipo mahali pake: mashua ile ilikuwa inaelea juu ya misumari ya mtu mwingine, naye alitaka kila akiitazama alione linaloibeba. Hilo ndilo kuandika kwa maana yake ya kale. Mchoro ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Kusoma ndiko kulikonionyesha ulivyo mkubwa.

Nadhani ndivyo tunavyopaswa kuyaendea maandishi yote ya mkono yaliyobaki pambizoni mwa kazi za mafundi wetu, ya Kijuma, ya wanakili wa Siyu, na ya watu wasio na jina. Tuyatazame, kwa sababu ni mazuri, na mkono unaofikiri huacha alama ambayo mkono unaojipamba hauwezi kuiacha. Lakini tuwafunze watoto wetu kuyasoma. Herufi wanazo tayari kutoka chuoni. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba herufi hizo ziliwahi kubeba pia bei ya misumari, hasira, utani, mapenzi na ahadi za watu wao. Karatasi isiyo na msomaji huwa nzuri kama ganda la kombe la pwani lilivyo zuri: aliyekuwa akiishi ndani hayumo.

* * *

Tulikwenda Faza kwa pikipiki, mimi na mwanangu mkubwa, daftari likiwa limefungwa ndani ya kitambaa. Mwenye duka alikuwa ameacha binti, mama mtu mzima sana, peke yake katika nyumba ya baba yake. Tukamwamkia, tukakaa, tukasema tulilolijia. Alinyamaza kidogo. Kisha akaomba aione hiyo karatasi.

Nikamfungulia ukurasa. Aliusogeza karibu na macho, akausogeza mbali, akatabasamu.

“Aliichora na bahari yake,” akasema.

Sikumsahihisha. Niliweka kidole upande wa kulia, nikampitisha juu ya mawimbi neno moja baada ya jingine, mpaka nikafika kwenye jina la baba yake. Hapo alinishika mkono, akaniambia nirudie jina. Nikarudia. Fedha tuliyompa, tuliyoikadiria pamoja na mwalimu kwa bei ya misumari ya leo, hakuihesabu. Aliifunga katika ncha ya leso yake, penye pindo, akasema, “Tumepokea. Mungu awarehemu wote wawili.”

Jioni, nyumbani, nilikaa na penseli muda mrefu. Rafiki yangu angesema ukurasa usiguswe tena. Lakini daftari lilikuwa na kanuni yake, na aliyeiweka hakuwahi kuivunja. Nikapitisha mstari mmoja ulionyooka, kutoka kulia kwenda kushoto, juu ya maneno yote. Anayesoma atajua kwamba deni limelipwa. Asiyesoma atadhani babu, baada ya kuichora bahari, aliuchora na upeo wa macho.